Palforzia: wiki tano na dawa ya mzio wa karanga nyumbani Tanga

Kwa wiki tano za Julai na Agosti mwaka jana, friji yangu ya Ngamiani, ambayo kazi yake ni kuhifadhi samaki, mtindi na tui la nazi, ilihifadhi pia boksi la dawa ambayo kiini chake ni unga wa karanga. Boksi hilo liliwasili na mtoto wa kaka yangu, mvulana wa miaka kumi anayeishi London na wazazi wake. Alipokuwa na miaka minne alikula kipande cha biskuti kisichozidi ukucha wa kidole gumba, na kabla mama yake hajamaliza kumvua koti, koo lilikuwa limeanza kuziba. Leo mtoto huyo anakula kila siku, kwa agizo la daktari, protini ya karanga inayokaribia ile ya punje moja nzima. Dawa yenyewe inaitwa Palforzia. Nimeona niiandikie tathmini kwa Kiswahili kwa sababu ndugu zetu wengi wako ng'ambo, watoto wao wanakuja likizo pwani na vipakiti hivi kwenye mabegi, na sisi tunaowapokea ndio tunaowapikia.

Kwanza ieleweke dawa hii inafanya nini na haifanyi nini. Mwenye mzio wa karanga ana kingamwili za aina ya IgE ambazo huzichukulia protini za karanga kuwa adui. Zikikutana nazo, baadhi ya seli za mwili humwaga histamini na kemikali nyingine, ndipo huja vipele, kutapika, midomo kuvimba, kifua kubana, na kwa baadhi ya watu shinikizo la damu kuporomoka. Palforzia haiuondoi mzio huo, bali inauzoesha mwili hatua kwa hatua. Siku ya kwanza mtoto hupewa, akiwa kliniki na chini ya uangalizi, miligramu 0.5 ya protini, kisha kiasi kinaongezwa hadi 6 siku hiyo hiyo. Baada ya hapo huanza miligramu 3 kila siku nyumbani, na kila baada ya wiki mbili hurudi kliniki kupandishwa ngazi, hadi afike miligramu 300. Ngazi ni 11, kwa hiyo hata asipougua wala kukosa siku, miezi mitano hivi hupita kabla hajafika juu. Mtoto wetu alichukua miezi minane, kwa kuwa mafua yalimrudisha nyuma mara mbili. Na akishafika juu hajamaliza: kipakiti cha miligramu 300 ni cha kila siku, na akiacha, ustahimilivu alioujenga unaweza kupotea.

Kabla ya kumruhusu mtoto alale kwangu na dawa ya namna hii nilitaka kujua imepimwaje, na kaka yangu akanipitisha kwenye matokeo ya jaribio la PALISADE, yaliyochapishwa Novemba 2018 katika jarida la New England Journal of Medicine. Watoto na vijana 496 wa miaka 4 hadi 17 walishiriki, wote wakiwa ni watu ambao miligramu 100 za protini ya karanga, au pungufu ya hapo, zilitosha kuwadhuru. Hiyo ni kama theluthi ya punje. Watoto 372 walipewa dawa yenyewe na 124 wakapewa unga bandia, na si wao wala madaktari wao waliojua nani anakula kipi. Mwishoni waliobaki walilishwa karanga kwa vipimo mbele ya madaktari. Kati ya waliokuwa kwenye dawa, asilimia 67.2 waliweza kumeza miligramu 600 bila kupata zaidi ya dalili ndogo. Kati ya wale wa unga bandia waliweza asilimia 4.0 tu. Tofauti hiyo ni kubwa, na sioni namna ya kuikataa.

Lakini ripoti hiyo hiyo isomwe hadi mwisho, kwa kuwa ndipo penye mambo ambayo ndugu wanaosifia dawa hii kwenye simu hawayataji. Karibu watoto wote walipata usumbufu wa aina fulani katika kipindi hicho, mara nyingi tumbo, kuwasha mdomo au kikohozi. Asilimia 11.6 ya waliokuwa kwenye dawa walijitoa kwa sababu ya madhara. Waliolazimika kuchomwa adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, walikuwa asilimia 14.0 upande wa dawa na 6.5 upande wa unga bandia. Yaani, katika mwaka wa kujikinga na karanga, dharura zilikuwa nyingi zaidi kwa waliokuwa wakijikinga. Hili si siri wala si kashfa. Anayekula kila siku kitu kinachomdhuru atadhurika mara nyingi kuliko anayekikwepa, na anachonunua kwa dhara hizo ndogo ndogo ni nafasi ya kuokoka siku atakapokila bila kujua. Kwa watu wazima waliojaribiwa, wa miaka 18 hadi 55, tofauti haikuthibitika, kwa hiyo mjomba mwenye mzio asiombe vipakiti vya mpwa wake.

Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Palforzia Januari 2020 kwa umri wa miaka 4 hadi 17, na mwaka 2024 ikaongeza watoto wa mwaka 1 hadi 3. Nchini Uingereza, taasisi ya NICE, inayopima kama dawa inastahili kulipiwa na huduma ya afya ya umma, iliipitisha Februari 2022. Kaka yangu hatoi hata senti.

Sasa nieleze maisha nayo. Dozi ya mtoto wetu ilikuwa saa kumi na moja jioni, na saa hiyo haikuchaguliwa ovyo. Dawa hailiwi na tumbo tupu. Baada yake kliniki yao iliwaelekeza kwamba kwa saa tatu mtoto asikimbie wala asioge maji ya moto, kwa sababu mwili ukipata joto au ukichoka mzio huamka kwa urahisi zaidi. Tena asiimeze muda mfupi kabla ya kulala, maana dhara linaweza kumjia usingizini pasipo mtu kuona. Asubuhi alitaka kwenda kuogelea Raskazone na binamu zake, hivyo asubuhi ikaondoka. Ikabaki jioni, na jioni Ngamiani ndiyo saa ya mpira. Kila siku niliona jambo lile lile: wenzake wanatoka na mpira wao wa makaratasi, naye anakaa barazani na bakuli lake, anawahesabia magoli. Hakulalamika hata mara moja, na kutolalamika kwake ndiko kulikoniuma. Katika karatasi zote za dawa hii nilizosoma, gharama hiyo haimo.

Kuandaa dozi kwenyewe ni kazi ya dakika tatu inayotaka utulivu wa dakika kumi. Wifi yangu alianza kwa kuzima feni. Siku ya kwanza nilimwuliza sababu, kwa kuwa joto lilikuwa kali; akanionyesha jinsi unga ule ulivyo mwepesi, rangi ya maziwa yaliyofifia, na akasema haupaswi kupeperuka wala kuvutwa puani, hasa kwa mtoto ambaye amewahi kuwa na pumu. Alikichana kipakiti juu ya bakuli, akakigongagonga kwa kidole, akakifungua na kukichungulia pembeni kama hakijabaki kitu, kisha akachanganya na vijiko vitatu vya chakula kizito cha baridi. Hautiwi kwenye kinywaji wala kwenye chakula cha moto. Kwao hutumia yogati. Kwangu siku ya tatu tulihamia papai lililopondwa, na mtoto akasema papai linaficha ladha vizuri zaidi. Bakuli lilikombwa hadi likang'aa, kwa sababu kinachobaki pembeni ni sehemu ya dozi. Kijiko na bakuli vikaoshwa peke yake.

Dawa haipaswi kukaa kwenye joto linalozidi nyuzi 25, na jikoni kwa Tanga mchana, hata Julai, hapafai. Friji ilitosha, ila umeme ulipokatika kwa saa kadhaa, mara mbili, tuliliweka boksi katika kopo lenye mfuniko na kulizungushia barafu. Anayekwenda na dawa hii kijijini kusiko na friji apange jambo hilo kabla ya kupanda basi. Tena wifi alinieleza kwamba ikikosekana siku moja au mbili wataendelea kama kawaida, lakini zikizidi hapo hawaruhusiwi kuirudia dawa wakiwa nyumbani bila kuongea na kliniki, na huenda dozi ya kurudia ikatakiwa kuliwa mbele ya daktari. Mtoto anayeanza kujifunza kufunga Ramadhani naye aulizwe kwa daktari mapema, kwa kuwa njaa ni mojawapo ya mambo yanayoongeza uwezekano wa kudhurika.

Jirani yangu, mama mwenye busara na mwuza karanga wa miaka mingi, alikuja jioni moja, akatazama kipakiti, akakinusa kwa mbali, akasema, "Dada, hizi ni karanga. Mimi ninazo gunia zima. Kwa nini msisage wenyewe?" Swali hilo lina haki ya kujibiwa vizuri, maana naamini wengi watalifikiria. Punje moja ya karanga ina protini karibu miligramu 300. Dozi ya kwanza ya tiba hii ni miligramu 0.5, yaani fungu moja kati ya mafungu 600 ya punje moja. Hakuna kinu, mizani ya duka wala kijiko cha Ngamiani kinachoweza kupima hivyo, na karanga za gunia moja hazilingani protini punje kwa punje. Kinacholipiwa katika dawa hii ni uhakika kwamba kipakiti cha leo na cha kesho vina kitu kile kile, pamoja na daktari anayesimama karibu siku ya kupandisha. Hata wataalamu walikwisha kupata somo chungu: jaribio la sindano za dondoo ya karanga lililofanyika Marekani, ambalo ripoti yake ilitoka 1992, lilisitishwa baada ya mshiriki mmoja kufariki kwa kosa la kuandaa dozi. Nilimwambia jirani yangu hayo. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi nisije na ungo wangu hapa watoto wakiwapo," na tangu siku hiyo alikuwa akinawa mikono kabla ya kumpa mkono mtoto wetu.

Nije kwenye siku ambayo dawa ilipimwa bila sisi kukusudia. Tulikwenda kula chakula cha mchana katika mgahawa mmoja wa mjini, ambao sitautaja. Tuliuliza kabla ya kuagiza, wifi akauliza tena, na mhudumu akajibu kwa uhakika kwamba kisamvu ni cha nazi tupu. Mtoto alikula vijiko viwili, akasimamisha cha tatu njiani, akasema, "Shangazi, mdomo unawasha." Nilikwenda jikoni mwenyewe. Mpishi hakuwa na ubaya wowote. Alisema ameweka karanga za kusaga kidogo tu, mchuzi ushikane. Wakati huo vipele vitatu vilikuwa vimetoka kidevuni kwa mtoto na mdomo wa chini umevimba kidogo. Wifi alimpa dawa ya kuzuia mzio kama mpango wao ulioandikwa unavyoelekeza, akaitoa kalamu ya adrenalini, yaani sindano iliyojazwa tayari, akaiweka mezani mbele yake, na tukakaa tukimtazama anavyopumua. Kifua hakikubana, hakutapika. Baada ya kama saa moja uvimbe ulikuwa umeisha.

Siwezi kudai kwamba tukio moja ni ushahidi. Hatukujua amekula miligramu ngapi, na mwili wa mtoto katika miaka kumi si ule wa miaka minne. Hata hivyo hiki ndicho hasa dawa hii ilichotengenezewa, na mimi niliyesikia habari za ile biskuti nilijua ninachokitazama. Jikoni kwetu neno "kidogo tu" halihesabiwi kuwa kiungo. Karanga huingia kwenye mchicha, kwenye kisamvu, kwenye uji, na kwenye kashata zinazokatwa kwa kisu kile kile kilichokata za nazi. Mpishi anaapa kwamba hazimo, na anaapa kwa nia njema, kwa sababu kwake kidogo ni sawa na hakuna. Mtoto asiye na tiba hawezi kuishi salama na neno hilo. Mtoto aliye kwenye dozi ya miligramu 300 hapewi ruhusa ya kula karanga, na hilo nalirudia kwa shangazi na mama wadogo wote wenye huruma ya kulisha, ila amepewa upana fulani ambao ndani yake "kidogo tu" ya mtu mwingine huenda isimwue.

Ndiyo maana kalamu ya adrenalini haiondoki. Dawa hii hairuhusiwi kutumika bila adrenalini kuwapo karibu, na mtoto wetu hubeba kalamu mbili kila aendako, kila moja ya miligramu 0.3 kulingana na uzito wake. Hapa niwaonye wanaokuja: waje nazo za kutosha. Niliuliza maduka matatu ya dawa hapa mjini, na yote hayakuwa na kalamu. Jioni ya kwanza wifi alitukusanya wote sebuleni na kalamu ya mazoezi isiyo na sindano. Pajani upande wa nje, hata juu ya nguo, shikilia, hesabu, kisha mtoto alale, miguu iinuliwe, na safari ya hospitali ianze hata kama amepata nafuu. Mama yangu mwenye miaka 78 alijichoma nayo mara tatu mpaka akaridhika. Tulikubaliana na kijana wa bajaji wa mtaani kwetu kwamba akipigiwa simu anaacha abiria na kuja, na siku ya pili tulipima njia hadi Hospitali ya Bombo kwa saa mkononi.

Mama yangu ndiye aliyeuliza swali lililobaki kichwani mwangu: mbona sisi tulikula karanga tangu hatujaota meno na hatukuyaona haya? Nilipomweleza kaka yangu alisema bibi ameuliza walichouliza wanasayansi wenyewe. Gideon Lack na wenzake wa London waliona kwamba mzio wa karanga ulikuwa karibu mara kumi zaidi kwa watoto wa Kiyahudi wa Uingereza kuliko wa Israeli, ambako watoto hupewa vitafunio vya karanga wakiwa wachanga bado. Wakafanya jaribio la LEAP, lililotolewa mwaka 2015, kwa watoto 640 wa miezi 4 hadi 11 waliokuwa hatarini kwa sababu ya ukurutu mkali au mzio wa mayai. Nusu walilishwa karanga mapema, nusu walizikwepa. Walipofika miaka mitano, waliokuwa na mzio walikuwa asilimia 17.2 ya waliokwepa na 3.2 ya waliolishwa. Uji wetu wa lishe wenye karanga, basi, si jambo la kuonea haya mbele ya wageni. Ila karanga nzima zinampalia mtoto, na mwenye ukurutu mkali apelekwe kwanza kwa daktari.

Kuna mshindani ambaye sikumwona kwa macho lakini kaka yangu anamfikiria. Omalizumabu, inayouzwa kwa jina la Xolair, ni sindano ya kila wiki mbili au nne iliyoanza kama dawa ya pumu, na hufanya kazi kwa kuzikamata zile IgE zenyewe kabla hazijaleta fujo. Katika jaribio lililochapishwa Februari 2024, asilimia 67 ya waliochomwa waliweza kumeza miligramu 600 za protini ya karanga, dhidi ya asilimia 7 ya waliopewa sindano bandia, na mwezi huo huo Marekani ikaiidhinisha kwa mzio wa chakula kuanzia umri wa mwaka mmoja. Faida yake ni kwamba haichagui karanga peke yake, kwa hiyo mwenye mzio wa maziwa au mayai pia hupata nafuu, na mtoto hakai barazani kila jioni. Nayo haitoi ruhusa ya kula kinachodhuru, na si wote inaowasaidia: karibu asilimia 14 hawakuweza kuvumilia hata miligramu 30. Kwa mtoto mwenye mzio wa karanga tu na familia yenye nidhamu, bado ningeanza na vipakiti. Kwa mwenye mizio mingi, au mwenye pumu isiyotulia, ambaye Palforzia haimfai kabisa, ningeuliza sindano.

Kwa hiyo ningeipa Palforzia nyota nne kati ya tano kwa inachokiahidi, na tatu kwa inavyombana mtoto. Naipunguzia pia kwa karatasi ya maelekezo iliyokuja na boksi letu, ambayo ilikuwa ya Kiingereza tu, ilhali bibi anayebaki na mtoto mchana hasomi Kiingereza. Tuliitafsiri wenyewe kwa mkono, mistari kumi na miwili, tukaibandika kwenye mlango wa friji. Watarudi Desemba, joto likiwa limezidi, na nimekwisha kuongea na vijana wa mtaa: mpira wao utaanza asubuhi, baada ya kuogelea, na dozi itabaki saa kumi na moja.